Neno Nililomfundisha Tabitha

Habari za kifo cha Tabitha zilinifikia mchana, nikiwa uani kwangu hapa Ng'ambo, mjini Tabora, napepeta mchele. Binti yake mkubwa, Neema, alipiga simu kutoka Sikonge. Akaniamkia, kisha akasema mama amepumzika. Tukalia, kila mtu upande wake. Kabla hajakata akaniomba jambo. Msibani watazungumza ndugu, majirani na wazee wa usharika, lakini hakuna hata mmoja aliyebaki aliyemjua mama yao alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi. Mimi ndiye wa mwisho. Akaomba niseme maneno machache juu ya mwaka ule niliokaa naye Tabora. Nikamwambia nitasema. Simu ilipokatika sikuweza kuendelea kupepeta, na si kwa sababu ya msiba peke yake. Nimeishi miaka mingi, nimeolewa, nimefiwa na mume, nimefanya kazi na watu wa kila aina, lakini sijapata kumwonea mtu yeyote wivu kama niliomwonea Tabitha nikiwa na miaka kumi na tisa.

Waingereza walikuwa bado wanatawala. Tulikuwa wanafunzi sita wa uuguzi katika hospitali moja ya misheni pale mjini, na mimi na Tabitha tulipangwa chumba kimoja. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vyote nilivyolala baadaye. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, kabati moja lenye mlango usiofunga, beseni la bati, na dirisha lililotazama njia ya zamani ya misafara inayokwenda Ujiji. Misafara ilikuwa imekwisha siku nyingi. Waliobaki kupita pale ni watu wa baiskeli, wameinama juu ya usukani, nyuma wamefunga madumu ya asali au marobota ya tumbaku. Kabla Tabitha hajaja chumba kilikuwa changu peke yangu, na hospitali nayo niliiona kama yangu. Nilijua Kiingereza kuliko wenzangu wote. Mzungu aliyetusimamia, tuliyemwita Sista, alipotaka kumweleza mgonjwa jambo alisema, "Mwiteni Anastazia." Nilizoea kuitwa. Nilizoea kuona wenzangu wakisogea ili nipite, na sikujua kwamba mazoea hayo yanalevya mpaka siku yalipokatika.

Tabitha alikuja mwanzoni mwa mwaka, juu ya lori, na sanduku la mbao na kopo la asali ya kwao. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mwanya mbele. Siku ya kwanza alinigawia asali nusu kwa nusu kabla hata hajatandika kitanda. Nilimpenda kwa muda wa majuma mawili hivi. Kisha nikaanza kusikia watu wanavyomwita. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini. Kinyamwezi changu kilikuwa cha salamu tu, na wagonjwa wengi walitoka vijijini. Tabitha aliingia wodini asubuhi, akawaamkia wazee kwa "mwangaluka" ya kwao, akawauliza usiku ulikuwaje, akakaa ukingoni mwa kitanda kusikiliza jibu lote. Mimi sikuwahi kungoja jibu. Bibi mmoja wa Nzega, ambaye nilimchoma sindano siku tatu mfululizo bila kosa, siku ya nne aliuvuta mkono wake akaufunika kwa shuka. Akasema kitu kwa Kinyamwezi, watu wakacheka. Nikauliza amesema nini. Wakaniambia anamtaka yule mwanawe, yaani Tabitha.

Wivu haukuja kwa kishindo. Uliingia kwa vitu vidogo, na vingi vilikuwa vya mezani. Tulikula kwenye baraza ya jikoni, na mpishi wetu, Mama Sesilia, alikuwa na desturi ya kuniwekea mimi ukoko wa chini ya sufuria kwa kuwa alijua ninavyoupenda. Siku moja niliona ukoko uko kwenye sahani ya Tabitha. Tabitha akaumega, akanisogezea kipande kikubwa, nami nikasema nimeshiba, na nilikuwa na njaa. Siku nyingine watu wa kwao walimletea mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Akavigawa kwa wote, na jikoni pakajaa vicheko na hadithi za kwao ambazo mimi peke yangu nilihitaji kutafsiriwa. Mpaka leo nikiona matobolwa sokoni napata ladha ya siku ile, tamu na chungu pamoja. Nilianza kumhesabia makosa. Nilijua mara ngapi amechelewa, mara ngapi amesahau kukunja shuka pembe kwa pembe. Sikuwahi kumsema kwa mtu yeyote. Nilikuwa nayaweka tu.

Lililoniharibu kabisa nililisikia likitoka barazani. Ilikuwa saa kumi jioni, nami nilikuwa chumba cha dawa, upande wa pili wa dirisha la wavu, nikipanga chupa. Sista na daktari walikaa nje wakinywa chai. Walizungumza Kiingereza bila kujificha, kama watu wanavyozungumza mahali wanapodhani hakuna wa kuwaelewa. Ilikuwa imekuja nafasi moja ya kwenda Dar es Salaam kusomea ukunga, na jina lilitakiwa kupelekwa kabla mwaka haujaisha. Daktari alinitaja mimi. Nikasikia kijiko cha Sista kikizunguka kikombeni. Kisha akasema kwamba Anastazia ana akili sana, lakini Tabitha ana mikono. Nilibaki nimesimama na chupa ya aidini, nikaiangalia mikono yangu pande zote mbili, kana kwamba ningeweza kuona ilipopungukiwa.

Sasa inanibidi nieleze habari ya neno. Kiingereza changu kizuri nilifundishwa na padri mmoja mzee, kutoka vitabu vya sala vya zamani, na kwa hiyo nilijua maneno ambayo hata Waingereza wa wakati ule walikuwa wameacha kuyatumia midomoni. Moja lilikuwa "lest". Ni neno dogo la kuunganisha, na padri aliniambia kwamba ni neno la mtu mwenye hofu. Upande mmoja wake kuna jambo unaloambiwa ufanye au usifanye, na upande wa pili kuna baya unaloliogopa. Funga mlango, "lest" mbwa aingie. Yaani, funga mlango, mbwa asije akaingia. Alifurahi sana siku aliponionyesha kwamba Kiswahili kinalo jambo hilo ndani ya kitenzi chenyewe: asije, usije, isije. Akasema sisi hatuhitaji neno la pembeni, hofu yetu imo tumboni mwa neno. Akanionya pia kwamba wanafunzi wengi hulichanganya na "unless", ambalo ni "isipokuwa", na kwamba kulichanganya ni kugeuza maana nzima. Ukimwambia mtu asifungue mlango mbwa asije akaingia, umemlinda na mbwa. Ukimwambia asifungue mlango isipokuwa mbwa akiingia, umempa kazi ya kumfungulia mbwa. Nilicheka siku ile. Sikulisahau neno lile tena.

Hospitali ilikuwa na kitabu cha zamani cha masharti ya wauguzi, chenye jalada lililoliwa na mende na Kiingereza cha enzi za mababu zao. Sista alitaka masharti muhimu yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa wodini, ili madresa, wale wasaidizi wa kufunga vidonda, wasiojua Kiingereza wayasome. Nilipolisikia nilijua kazi ni yangu. Nilikwisha kuchonga penseli. Sista akampa Tabitha. Alisema mbele yetu sote kwamba Tabitha ana mwandiko safi na anaandika Kiswahili ambacho kila mtu anakielewa. Nilitabasamu. Nadhani hata nilimpongeza.

Siku ya Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Tabitha aliingia chumbani na kile kitabu. Nilikuwa nimelala chali. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu, vilevile alivyokaa kwenye vitanda vya wagonjwa, na hilo tu likanichoma. Akaweka kidole chini ya neno.

"Stazia, hili wewe unalijua?"

Nikaangalia. Lilikuwa sharti la matone ya afyuni, yale ya kutuliza maumivu makali. Lilisema mgonjwa akishapewa kipimo chake asiongezewe, pumzi zake zisije zikapungua. Maana afyuni ikizidi humlaza mtu, pumzi zikaenda zikichelewa mpaka zikakoma. Nililielewa sharti lote kwa kulitupia jicho mara moja. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ni 'unless' ya zamani. Andika isipokuwa."

Akanishukuru. Akaandika pale pale, juu ya goti lake. Nimejiuliza maisha yangu yote nilikuwa nataka nini. Sikutaka mtu afe, hilo naweza kuapa. Niliwaza kwamba Sista ataisoma karatasi, ataliona kosa, na Tabitha atachekwa mbele ya watu kama nilivyochekwa mimi wodini. Lakini Sista hakusoma kwa makini. Alikuwa anaondoka siku ile kwa safari ya kazi Igunga, gari linamngoja, akaupitishia macho mwandiko ule mzuri, akaweka sahihi. Jumatatu karatasi ikabandikwa ukutani, juu ya kabati la dawa: Mgonjwa akishapewa matone, asiongezewe, isipokuwa pumzi zake zikipungua.

Nilipita mbele ya karatasi ile siku kumi na moja. Hili ndilo ninaloonea aibu kuliko lile la kitandani, kwa kuwa uongo nilitamka mara moja, lakini kunyamaza nilinyamaza kila asubuhi. Ningeweza kuchukua kalamu. Ningeweza kumnong'oneza. Siku moja nilifika hadi karatasini na mkono nimekwisha kuuinua, na wakati huohuo dresa Yohana akaja nyuma yangu akasema karatasi hizi zimemsaidia sana, sasa hahitaji kuuliza uliza kama mtoto. Huyu Yohana alikuwa mtu mzima, mwangalifu, aliyejifunza kusoma ukubwani na aliyeheshimu kila kilichoandikwa. Akamsifu Tabitha. Nikaushusha mkono.

Siku ya kumi na mbili aliletwa mama mmoja, Kabula, aliyeanguka kutoka juu ya lori la pamba na kuvunjika paja. Daktari alimnyoosha mfupa asubuhi, akaagiza apewe matone, akaenda kwa wagonjwa wa nje. Mimi zamu yangu ilianza saa nane. Nilimkuta Yohana amesimama kando ya kitanda na chupa mkononi, uso umemtoka jasho. Akaniambia mama huyu pumzi zilianza kupungua, akamwongezea matone kama ilivyoandikwa. Zikazidi kupungua, akamwongezea tena. Alikuwa karibu kumpa mara ya tatu. Nikamfunua mgonjwa kope. Mboni ya jicho ilikuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Kifua kilipanda, kikashuka, kisha kikakaa muda mrefu bila kupanda tena.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Daktari alikuja mbio, na Tabitha nyuma yake, kanga imemdondoka mlangoni. Tulimwinua mama yule, tukampiga makofi ya mashavuni, tukamtia maji baridi, daktari akamchoma sindano ya kuamsha moyo, na kila pumzi zilipokoma tulimlaza na kumnyanyua mikono juu na kuishusha kifuani, juu na chini, kwa zamu, mimi na Tabitha. Tabitha alimwita kwa Kinyamwezi sikioni, bila kuacha, akimtaja jina, akimwuliza habari za watoto wake, ng'ombe wake, mashamba yake. Mikono yangu ilikufa ganzi. Jua lilipokuwa linafika kwenye miguu ya vitanda, Kabula akafumbua macho, akasema kitu kwa hasira. Tabitha akaanza kulia na kucheka. Amesema tumwache alale, akanitafsiria.

Kesho yake tuliitwa ofisini kwa Sista, aliyekuwa amerudi: Yohana, Tabitha na mimi. Karatasi ilikuwa mezani imebanduliwa, na kando yake kitabu cha zamani na kamusi. Sista alifungua kamusi mbele yetu, akasoma maana ya neno lile kwa sauti, kisha akamgeukia Tabitha. Akamwuliza hiyo maana yake aliitoa wapi. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi kwamba kiwiko chake kiligusa changu. Nilingoja jina langu. Nilikuwa nimekwisha kuandaa la kujibu, kwamba hakuniuliza, na kwamba kama aliniuliza nilikuwa usingizini. Tabitha hakuniangalia. Alisema kwa Kiingereza chake kile cha taratibu, "Nilikisia, Sista."

Sista alimwuliza tena. Akajibu vilevile. Juma lile lile akaandikiwa barua ya kuondolewa. Yohana alipunguzwa cheo akapelekwa kufua. Jina lililokwenda Dar es Salaam lilikuwa langu. Asubuhi ya kuondoka nilimsaidia Tabitha kubeba sanduku hadi lilipokuwa linasimama lori la Sikonge, mimi upande mmoja yeye upande mmoja. Alipanda juu ya magunia, akajifunga kanga kichwani dhidi ya vumbi, akaniambia nibaki salama. Nikamwambia aende salama. Nilirudi chumbani nikakikuta kitanda chake kimekunjwa shuka pembe kwa pembe, nami nikahisi furaha. Lazima niseme ukweli, ilikuwa furaha. Ilidumu mpaka wakati wa chakula.

Nilizalisha akina mama kwa karibu miaka arobaini, Mwanza na Dodoma. Watu walinisifu, nami kila niliposifiwa nilimwona yeye kwenye kona ya chumba. Nilipostaafu nikarudi Tabora, na miaka miwili iliyopita nikapanda basi nikaenda kumtafuta. Nilimkuta kwake, nyumba ya matofali katikati ya shamba la tumbaku, anabangua karanga, macho yamefifia. Alinitambua kwa sauti. Sikunywa hata maji aliyonipa. Nilimwambia yote, tangu kijiko cha Sista kikombeni mpaka kidole chake chini ya neno. Alisikiliza mpaka mwisho, karanga zikiendelea kudondoka kwenye ungo.

"Nilijua," akasema. "Sista aliposoma kamusi, nikajua."

Nikamwuliza mbona hakunitaja.

"Ningesemaje? Kamusi ilikuwa rafuni kwa Sista, na ruhusa ya kuifungua nilikuwa nayo. Sikuja kwako kwa kukosa kamusi, Stazia. Nilikuwa naona unavyoniangalia. Nikasema nimwulize kitu anachokijua kuliko mimi, labda moyo wake utapoa. Nikaandika dawa ya watu kwa ajili ya kutafuta kupendwa. Hilo lilikuwa kosa langu, si lako."

Baadaye nikamwuliza kama amenisamehe.

"Zamani sana," akasema. Akabangua karanga mbili tatu. "Ila kazi ile niliipenda."

Nikamwuliza kama hapo kijijini hakuendelea, hata kuwasaidia wanawake kujifungua, kwa mikono ile. Akasema hawakumwita. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni kwa sababu ya mambo ya Tabora, lakini sikujua ni mambo gani waliyoyasikia.

Nililijua siku ya mazishi. Watu walikuwa wengi, wamejaa chini ya turubai na kuendelea mpaka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Waliozungumza kabla yangu walimsifu kwa ukarimu, kwa kuimba, kwa kulima. Nilipoitwa nilisimama nikishika meza, na hata pale, nikiuangalia umati ule ukimlilia, nilisikia yule mdudu wa zamani akinigusa: mimi nikifa watakuja wangapi? Nikasubiri apite. Kisha nikawaambia watu wa Sikonge kwamba Tabitha aliondolewa hospitali kwa neno moja alilodanganywa, na aliyemdanganya ni mimi, kwa wivu. Nikawaeleza karatasi, na matone, na mama Kabula, na jinsi alivyoulizwa mara mbili akakataa kunitaja.

Kisha mwanamke mzee aliyekaa mstari wa mbele na wafiwa, wifi yake Tabitha, akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza:

"Kwa hiyo hakuiba dawa?"

Nikamwambia sikuelewa. Akasema ndivyo walivyoambiana tangu lori lilipomshusha, kwamba msichana wa misheni karudishwa kwa kuiba dawa za wagonjwa. Ndiyo sababu hakuna mwanamke aliyemwita penye uzazi. Waliwahi kumwuliza, akasema yamekwisha. Mama yule alipokuwa akisema aliangalia miguu yake, na wazee wenzake wakaangalia ya kwao.

"Hakuiba," nikasema. "Hakuiba kitu."

Neema alikuwa amekaa chini, kando ya jeneza, kichwa kimefunikwa. Nilimwona akiinuka. Nilidhani anakuja kunitoa, na ningetoka bila neno. Alifika mpaka mezani akasimama karibu nami, akageuka kuwatazama watu walioenea mpaka kwenye mabani, wengi wao wazee kama mimi.

"Sema tena, mama," akaniambia. "Wa nyuma hawakusikia."

Nikapandisha sauti, nikaanza upya.